Pumzi Moja, Watu Wawili: Hatari Ambayo Uzoefu wa Mzamiaji wa Kibajuni Haumfundishi

Darakasi ni kimoja kati ya visiwa vidogo vya matumbawe ambavyo, pamoja na Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, vimejipanga sambamba na pwani ya kusini ya Somalia, kuanzia jirani ya Kismayo na kuteremka hadi Ras Kamboni mpakani mwa Kenya. Wenyeji wake ni Wabajuni, wasemaji wa mojawapo ya lahaja za kaskazini za Kiswahili, ambayo huitwa pia Kitikuu, na riziki yao tangu zamani imetoka baharini zaidi kuliko shambani. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, aliyekuwa mwanadiplomasia wa Uingereza Zanzibar, aliwaeleza wanazuoni wa London namna wavuvi wa pwani hii ya Afrika Mashariki walivyomtumia taza, samaki mwenye kinyonyeo kichwani, kwa kumfunga uzi mkiani na kumwachia akamnase kasa; na mwaka 1955 Mwitaliano Vinigi Grottanelli alichapisha kitabu kizima kuhusu Wabajuni kama wavuvi wa Bahari ya Hindi. Uvuvi wa kasa umekoma kuwa halali katika sehemu kubwa ya ukanda huu, na vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi hadi Lamu, Mombasa na ng'ambo, lakini kazi moja imeendelea pande zote mbili za mpaka, nayo ni kuzamia kamba-mawe kwa pumzi moja.

Kamba-mawe ni wale kamba wakubwa wenye miiba wasio na magando, ambao mchana hujificha katika mapango ya mwamba na usiku hutoka kutafuta chakula. Mzamiaji huwafuata kwa miwani ya maji, mapezi ya miguuni na kijiti, bila mtungi wa hewa, na mara nyingine humfunga pweza kwenye ncha ya kijiti hicho na kumwingiza pangoni, kwa kuwa pweza ni adui wa kamba na kamba akimwona hukurupuka na kuangukia kwenye wavu uliowekwa mlangoni. Kazi hii ina majira yake. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na maji hung'aa, ilhali kusi huyachafua na kuufanya mwamba wa nje usikaribike. Na hata ndani ya kaskazi mzamiaji mwerevu hupendelea siku za maji mafu, ambapo mkondo katika milango ya visiwa hupungua nguvu, kuliko siku za bamvua ambapo maji hukimbia na kubeba tope.

Elimu hiyo ya majira, mikondo na mapango hupatikana kwa kufuatana na wakubwa na kutazama wanavyofanya, na hakuna shule inayoweza kuifundisha vizuri zaidi. Ipo hatari moja, hata hivyo, ambayo njia hiyo ya kujifunza haiifikii. Mzamiaji aliyekatwa na mwamba hukumbuka mwamba ule, na aliyechukuliwa na mkondo hukumbuka saa yake, lakini anayezimia majini kwa kukosa oksijeni huzimia bila maumivu wala onyo, na akiokolewa mara nyingi huwa hakumbuki chochote, kiasi kwamba wengine hukana kabisa kuwa walizimia. Asiyeokolewa naye hana la kusimulia. Ndiyo maana mtu anaweza kuzamia miaka 20, akajiona bingwa, asijue ni mara ngapi amepita karibu na mpaka huo, na ndiyo maana mafunzo ya kuzuia pumzi hayana budi kusimama juu ya maarifa ya mwili na juu ya kanuni zinazofuatwa hata na mtu asiyeona sababu ya kuzifuata.

Msingi wa maarifa hayo ni jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Mtu anapozuia pumzi, hamu ya kuvuta hewa haiamshwi hasa na kupungua kwa oksijeni bali na kuongezeka kwa hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, ambayo mwili huizalisha kila unapotumia chakula kujipatia nguvu. Vipokezi vilivyo katika shina la ubongo hupima gesi hiyo kwa umakini mkubwa, na inapozidi kiwango fulani mtu huanza kusikia joto kifuani, kisha haja ya kumeza mate, kisha mikutuo ya kiwambo, ule msuli uliotandazwa kati ya kifua na tumbo ambao kazi yake ni kuvuta hewa. Oksijeni ikipungua yenyewe bila hewa ya ukaa kuongezeka, mwili haupigi kelele ya kutosha. Ubongo huzimika tu.

Hapo ndipo lilipo kosa la kale la wazamiaji wa kila bahari, ambalo ni kuhema kwa nguvu na kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama wakiamini kwamba wanajaza akiba ya hewa. Damu ya mtu mwenye afya aliyepumzika tayari imebeba oksijeni kwa asilimia 95 hadi 100 ya uwezo wake, kwa hiyo kuhema huko hakuongezi kitu cha maana, lakini hufukuza hewa ya ukaa kwa wingi, na hivyo kuichelewesha ile hamu ya kupumua hadi oksijeni iwe imekwisha. Mzamiaji wa namna hiyo ni kama dereva aliyekata waya wa taa ya mafuta na, kwa kuwa taa haiwaki, akadhani tangi limejaa. Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani, Albert Craig, alichapisha uchunguzi wake kuhusu waogeleaji waliopoteza fahamu chini ya maji, na kuhema kupita kiasi kabla ya kuzama kulijitokeza katika maelezo yao tena na tena. Ganzi ya vidole, mwasho wa midomo na kizunguzungu, ambavyo baadhi ya vijana huvihesabu kuwa dalili za kuwa tayari, ni dalili kwamba king'ora cha mwili kimezimwa.

Kosa hilo huungana na sheria ya fizikia ambayo kila mzamiaji anaitii hata asipoijua jina. Juu ya maji kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa juu ya mwili, ni angahewa 1. Kila mita 10 za kina huongeza takriban angahewa moja nyingine, hivyo kwenye mita 10 kanieneo ni 2 na kwenye mita 20 ni 3, na mapafu husinyaa kwa uwiano huo hadi nusu na hadi theluthi. Chukua mzamiaji aliyekaa mita 20 mpaka oksijeni katika mapafu yake imebaki asilimia 5 tu ya hewa iliyomo. Kwa kuwa mgandamizo ni mara tatu, damu yake husukumiwa oksijeni hiyo kana kwamba ni asilimia 15, naye hujiona mzima kabisa. Anapopanda hadi mita 10 nguvu hiyo hushuka kufikia 10, na anapokaribia uso wa maji hubaki 5, kiwango ambacho ubongo hauwezi kukivumilia. Mabadiliko makubwa zaidi kwa uwiano hutokea katika mita 10 za mwisho, ambapo mgandamizo hupungua kwa nusu, na kwa sababu hiyo wengi huzimia wakiwa karibu kabisa na mwanga, au hata baada ya kichwa kutoka majini, kwani damu iliyokwisha kupungukiwa huchukua sekunde kadhaa kusafiri kutoka mapafuni hadi ubongoni. Wanaosema kwamba maji ya mita 8 ni ya watoto wangefaa kulitafakari hilo kuliko wanaoogopa kilindi.

Uvuvi wa kamba huongeza jambo la tatu, ambalo mzamiaji wa michezo halijui sana, nalo ni tamaa ya halali. Anayezama kwa mashindano hushuka kwa kamba iliyopimwa na kurudi. Anayezama kwa riziki hufika chini, huchungulia pangoni, humwona kamba wa bei nzuri ameegemea ukuta wa nyuma, na sekunde 10 alizozitenga huwa 30. Misuli yake inafanya kazi, moyo wake umesisimka, na oksijeni humalizika kwa kasi ambayo haina ulinganifu na ile aliyoizoea akiwa ametulia.

Mafunzo salama, kwa hiyo, huanzia nchi kavu. Mwanafunzi hulala chali mkekani, mbali na maji, tumbo likiwa halijajaa chakula, na hupumua kwa utulivu kwa dakika chache bila kuhema. Kisha huvuta pumzi moja iliyotimia, huizuia, na mwenzake hushika saa. Zoezi linalotumiwa sana ni jedwali la hewa ya ukaa, ambalo lengo lake ni kuuzoesha mwili na akili kukaa na gesi hiyo bila hofu. Ikiwa muda mrefu kabisa wa mwanafunzi ni dakika 2, atazuia pumzi dakika 1 mara 8, na mapumziko kati ya mizunguko yatapungua kwa sekunde 15, kuanzia dakika 2 hadi nusu dakika. Jedwali la pili, la oksijeni, hufanya kinyume: mapumziko hubaki yaleyale na muda wa kuzuia pumzi huongezwa hatua kwa hatua bila kupita takriban asilimia 80 ya upeo wa mtu. Hilo la pili halimfai anayeanza, na hakuna jedwali linalopaswa kurudiwa mara nyingi kwa siku moja.

Kuna tahadhari ambayo baadhi ya walimu wa mchezo huu huipita haraka mno. Anayejifunza kuivumilia hamu ya kupumua amepata utulivu, lakini pia amejifunza kuipuuza ishara pekee aliyopewa na mwili wake, na hivyo mafunzo yenyewe yanaweza kumsogeza karibu zaidi na kuzimia. Dawa yake ni kutenganisha kabisa muda wa mkekani na muda wa kazini. Mtu aliyefikisha dakika 3 akiwa amelala hajapata ruhusa ya kukaa dakika 3 akimvuta kamba mwambani. Muda wake wa kazi ni sehemu ndogo ya huo, unapangwa kabla ya kuzama, na mikutuo ya kwanza ya kiwambo ikija mapema kuliko muda huo ndiyo inayoamua. Mirungi nayo haina nafasi hapa, kwa kuwa huharakisha moyo wakati ambapo mafunzo yote yanalenga kuutuliza. Na moshi wa sigara huleta kabonimonoksaidi, gesi inayokamata nafasi ya oksijeni katika damu. Katika Ramadhani mwili hupungukiwa maji, na ni busara mazoezi mazito yasogezwe hadi baada ya mwezi.

Mwili wenyewe hausimami kando. Uso unapoingia majini wakati pumzi imezuiwa, mapigo ya moyo hupungua, mishipa ya damu ya mikono na miguu hujibana ili damu ibaki kwa ajili ya moyo na ubongo, na bandama hujikunja na kumwaga akiba yake ya chembe nyekundu katika mzunguko. Mwitikio huu, ambao binadamu anao sawa na sili na nyangumi, huimarika kwa mazoezi, na katika jamii moja umeacha alama hata katika urithi: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Wabajau wa Indonesia, wanaoishi kwa kuzamia tangu vizazi vingi, wana bandama kubwa kwa takriban asilimia 50 kuliko majirani zao wa nchi kavu. Hakuna sababu ya kudhani kwamba maumbile ya namna hiyo yanamkinga mtu na kuzimia. Yanamwongezea muda, na muda ulioongezwa unaweza kutumiwa vibaya vilevile.

Ndani ya maji kanuni ni chache. Kuhusu masikio, mzamiaji hubana pua na kupuliza taratibu kila baada ya mita moja au mbili, kabla maumivu hayajaanza, na mwenye mafua habishani na mafua yake bali hukaa siku hiyo juu ya chombo. Miwani lazima ifunike pua, ili hewa ipulizwe ndani yake kina kinapoongezeka. Miwani ya kuogelea inayofunika macho pekee huyavuta macho hadi yakavuja damu. Mrija wa kupumulia hutolewa mdomoni wakati wa kuzama, kwa sababu kwa aliyezimia ni njia iliyo wazi ya maji kuingia. Mkanda wa risasi, ambao wengi huujaza ili washuke haraka, upimwe kwa namna ambayo mtu aliyetoa pumzi yote bado ataelea juu ya maji, na uwe na kifungo kinachofunguka kwa mkono mmoja. Wavu wa kamba ufungwe kwenye boya, kamwe usifungwe kiunoni.

Mapumziko kati ya mizamo yawe angalau mara mbili ya muda uliotumika chini, na kwa kina kikubwa zaidi yawe marefu zaidi. Mwaka 1965 E. R. Cross alieleza ugonjwa ambao wazamiaji wa lulu wa visiwa vya Tuamotu katika Pasifiki waliuita taravana: watu waliozama kilindini mara nyingi kwa siku, wakipumzika kidogo mno, walipatwa na kizunguzungu, kupooza na hata kifo, ilhali wa Mangareva, waliokuwa na desturi ya kupumzika zaidi kati ya mizamo, hawakupatwa na maradhi hayo. Chanzo kinachotajwa ni naitrojeni, gesi inayoyeyuka katika damu chini ya mgandamizo na kukosa nafasi ya kutoka.

Kanuni iliyo juu ya zote ni kwamba wakati mmoja yuko chini, mwingine yuko juu akimtazama, na hafanyi jambo jingine. Mtazamaji humpokea mwenzake anapopanda, humkumbusha kuvuta pumzi fupi zenye nguvu kabla ya kusema neno, na huendelea kumtazama usoni kwa sekunde 30, kwa kuwa ndizo sekunde ambazo anayeonekana kuwa amefika salama anaweza bado kuanguka. Akizimia, koo lake kwa kawaida hujifunga lenyewe kwa muda mfupi na kuzuia maji yasiingie mapafuni, na muda huo ndio unaompa mwokoaji nafasi. Humwinua uso juu ya maji, humvua miwani, humpulizia usoni, humpigapiga shavu na kumwita kwa jina. Wengi huzinduka hapohapo. Asipopumua ndani ya sekunde kumi hivi hupewa pumzi mbili za mdomo, majini humohumo, na akiendelea kulala huingizwa chomboni na kupewa pumzi zaidi na kukandamizwa kifua, pumzi zikitangulia kwa sababu anachokosa ni oksijeni. Aliyezimia, hata akisimama na kucheka, hazami tena siku hiyo.

Wakati wa biashara ya lulu katika Ghuba, desturi hii ilikuwa imejengwa ndani ya kazi yenyewe. Mzamiaji, aliyeitwa ghais, alishuka kwa kamba yenye jiwe, pua ikiwa imebanwa kwa kibanio, na juu alikuwepo mvutaji, yaani saib, aliyeshika kamba ya pili na kumpandisha mara tu alipohisi mtikiso. Haifai kuupamba utaratibu huo, maana wengi wa wazamiaji walifungwa na madeni, na miongoni mwao walikuwamo watu wa Afrika Mashariki waliopelekwa huko utumwani. Hata hivyo hesabu yake inastahili kuangaliwa, kwa kuwa saib alikuwa na fungu lake katika mapato, dogo kuliko la ghais lakini la hakika, bila ya yeye mwenyewe kuloa. Katika kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, wanawake wanaozamia konokono wa baharini na mwani, wanaoitwa haenyeo, ambao utamaduni wao uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2016, huenda kwa kundi na chini ya ushirika wao, na wenye ujuzi mkubwa huwa na dhamana juu ya wadogo.

Mabingwa wa mchezo nao hawako juu ya kanuni hiyo. Mfaransa Stéphane Mifsud alizuia pumzi kwa dakika 11 na sekunde 35 mwaka 2009, na Mkroatia Budimir Šobat, baada ya kuvuta oksijeni tupu, alifikia dakika 24 na sekunde 37 mwaka 2021, na wote wawili walikuwa wamezungukwa na watu wa kuwatazama. Natalia Molchanova wa Urusi, mwanamke wa kwanza kupita dakika 9, alipotea Agosti 2, 2015 karibu na Formentera, Hispania, katika mzamo wa kawaida ambao haukuwa wa mashindano. Mwili wake haukupatikana.

Kwa visiwa vya Bajuni, ugumu wa kanuni ya watu wawili hautokani na ujinga wala ubishi. Pale ambapo mnunuzi hupima kamba za kila mzamiaji peke yake na kumlipa kwa kilo alizozitoa, kila aliyemo chomboni ana sababu ya kuwa chini ya maji kwa wakati mmoja, na kumtazama mwenzako ni kujipunguzia mlo. Kuwahubiria watu hao usalama bila kugusa mizani ni kazi bure. Njia iliyo karibu zaidi na desturi za uvuvi wa pwani ni ya mafungu: mapato ya chombo yakusanywe pamoja, yatolewe la chombo na la nahodha kama ilivyozoeleka, kisha wazamiaji wagawane sawa kwa jozi, ili dakika za kutazama zihesabiwe kuwa ni kazi kama zilivyo dakika za kuzama. Kilo zinazoletwa kwa siku huenda zikapungua, jambo ambalo wenye kujali akiba ya kamba mwambani hawatalilalamikia, na bei itapaswa kuzungumzwa upya na mnunuzi, ambaye mpaka sasa amekuwa akipata pumzi ya mzamiaji bila kuilipia.